Jinsi ya kutumia takwimu za zahanati yenu kujua jamii inahitaji nini: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila mwisho wa mwezi, kwenye zahanati karibu zote za Tanzania, kuna nesi anakaa na kalamu na rejista za MTUHA, yaani vitabu vya mfumo wa taarifa za huduma za afya, anahesabu mstari mmoja mmoja, wagonjwa wa nje wangapi, wajawazito wangapi, watoto waliochanjwa wangapi, anajaza ripoti inapelekwa wilayani inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, na kwa watu wa kijijini habari inaishia hapo. Mwezi unaofuata kijiji hichohicho kinakaa kupanga vipaumbele vya afya na hakuna hata namba moja mezani, mwenye sauti kubwa ndo anashinda. Nimekaa kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati nimeona hili mara nyingi mno na linaniuma, maana namba zipo, tena zipo hatua ishirini tu kutoka benchi tulilokalia.

Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa kamati za zahanati, watendaji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana wa vikundi na yeyote anayeipenda sehemu anayoishi. Huhitaji kompyuta. Daftari la hesabu, manila shiti, kalamu za rangi na kikokotoo cha kwenye simu vinatosha.

Jambo moja ulishike kabla ya yote, kwasababu hatua zote zinalirudia: rejista inaonyesha waliokuja. Mwenye shida kubwa zaidi mara nyingi hajafika, hayumo kwenye kitabu, kwahiyo kazi yako ni kuzisoma namba za waliokuja ili umpate ambaye hakuja.

Hatua ya 1: Anza na swali, sio na makaratasi

Watu wengi wanakosea hapa. Wanaenda kuomba "takwimu zote za afya" wanapewa lundo la ripoti, wiki mbili baadae wamechoka hawajui wafanye nini nazo. Kaa na wenzako andikeni swali moja mnalotaka lijibiwe, lenye watu ndani yake na sehemu ndani yake. "Afya ya mama ikoje" ni pana sana. "Kwanini kinamama wa vitongoji vya ng'ambo ya mto wanachelewa kuanza kliniki", hilo unaweza kulifanyia kazi. Kama hamna uhakika na swali muulizeni nesi anayefunga rejista ni namba gani inamsumbua akiiona, atakuwa nalo tayari, ila hajawahi kuulizwa.

Hatua ya 2: Jua namba zinakaa wapi

Ndani ya zahanati kuna vitabu vya MTUHA na kila kimoja kina namba yake. Kitabu namba 5 ni wagonjwa wa nje, 6 ni wajawazito, 7 ni watoto, 12 ni leba. Ukutani mara nyingi kuna chati ya chanjo yenye mstari unaopanda mwezi hadi mwezi, hiyo isomwe, haijabandikwa kwa urembo. Wilayani kwa mganga mkuu kuna mratibu wa MTUHA na mratibu wa chanjo, hawa wanaweza kukutolea kwenye DHIS2 jumla za zahanati yenu za miaka kadhaa nyuma na mkalinganisha na zahanati jirani.

Nje ya zahanati usisahau mtendaji wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji, wana idadi ya kaya. Kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wengi tunaiita SALIKI, watoto wanapimwa kwa utepe wa mkono, ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu na huyo mtoto apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kuna jumuiya ya watumia maji, wanajua kisima kipi kimekufa tangu lini. Na kuna Sensa ya 2022 iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, matokeo yake yameshuka mpaka ngazi ya kata.

Namba za kitaifa zitumie kama kioo cha kujilinganisha. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na malaria wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, asilimia 81 ya uzazi unafanyika kwenye vituo vya afya, na malaria kwa watoto wadogo ni asilimia 8 nchi nzima. Ila hapohapo angalia kinachojificha ndani ya wastani. Tabora malaria ilikuwa asilimia 23. Na kwenye udumavu walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na viazi, Iringa pekee zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Mtu anayepita barabarani Njombe akaona mashamba yalivyo kijani hawezi kuamini. Ndo maana tunahesabu, macho peke yake yanadanganya, ghala limejaa lakini mama anashinda shambani kutwa na mtoto nyumbani anapewa uji mtupu wa mahindi.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, na linda siri za watu

Hii sitaki uiruke. Rejista ina majina, kuna majibu ya VVU, kuna mimba za wasichana. Mjumbe wa kamati hana ruhusa ya kupekua kitabu ati kwasababu ni mjumbe. Nenda kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, mweleze swali lenu, ikibidi mpate barua kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya, halafu mwombe mhudumu mwenyewe awahesabie awape jumla bila majina. Usipige picha ukurasa wa rejista hata kama umeachwa nao peke yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, huyo ni jirani yako.

Na angalizo la namba ndogo. Ukiandika kwenye manila kwamba kitongoji fulani kina msichana mmoja wa miaka 15 aliyejifungua, umeshamtaja jina, kijiji kizima kinajua ni nani. Namba zikiwa chini ya tano unganisha vitongoji viwili vitatu au unganisha miezi.

Hatua ya 4: Kagua namba kabla hujaziamini

Chukua mwaka mzima, mwezi mmoja hautoshi, ziandike kwenye jedwali miezi ikienda chini na mambo unayofuatilia yakienda pembeni. Halafu zitazame kwa utulivu ukijiuliza maswali haya: kuna mwezi hauna ripoti? Kuna namba imeruka ghafla? Kuna namba inajirudia ileile miezi mitatu mfululizo kana kwamba imenakiliwa?

Nikupe mfano nilioushuhudia. Kwenye zahanati moja malaria ilishuka ghafla miezi miwili, tena katikati ya masika wakati mbu wamejaa, na kwenye kikao watu wakaanza kupongezana kuhusu vyandarua. Nesi mmoja mzee akanyanyua mkono akasema jamani, miezi hiyo vipimo vya haraka vya malaria viliisha. Tukarudi kwenye ripoti, kweli, wagonjwa waliogundulika malaria wamepungua lakini walioandikwa homa isiyojulikana wameongezeka karibu kwa kiasi kilekile. Malaria haikwenda popote, ilikosa kipimo tu. Tangu siku hiyo siangalii namba ya ugonjwa wowote bila kuuliza kwanza dawa na vipimo vilikuwepo, mhudumu alikuwepo au alikuwa likizo, barabara ilipitika.

Yaani pembeni ya jedwali weka safu ya "matukio": vipimo viliisha, daraja lilibebwa na maji, msimu wa kuvuna, kampeni ya chanjo, gulio limehamishwa siku. Hiyo safu ndo itakayokufafanulia nusu ya kupanda na kushuka kwa namba.

Hatua ya 5: Gawanya kwa idadi ya watu

Tuseme, ni mfano tu, kijiji A kina wagonjwa wa malaria 120 kwa mwezi na kijiji B kina 90. Nani ana shida zaidi? Wengi watasema A. Lakini A kina watu 8,000 na B kina watu 3,000. Chukua wagonjwa gawanya kwa watu kisha zidisha kwa 1,000: A wanatoka 15 kwa kila watu 1,000, B wanatoka 30. B wana shida mara mbili ya A na kwa kuangalia namba kavu tungepeleka nguvu sehemu sio.

Kwa chanjo na wajawazito kila zahanati inapewa makadirio ya walengwa wa mwaka kutoka wilayani, yaombe. Lakini yatumie kwa akili, makadirio yanatoka kwenye sensa na ukuaji wa watu, kama sehemu yenu wamehamia wachimbaji wadogo au wafugaji makadirio yatakuwa yamepitwa, utaona chanjo imefika asilimia 130 na watu wanafurahi kumbe wamekosea kigawanyo. Hapo ndo orodha ya kaya ya mwenyekiti wa kitongoji inapookoa.

Hatua ya 6: Tafuta walioanza wakaishia njiani

Hii naipenda kuliko zote maana haihitaji makadirio ya walengwa, inatumia namba za rejista peke yake. Mtoto anapewa penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ya kwanza akiwa na wiki 6, ya pili wiki 10, ya tatu wiki 14. Chukua waliopata ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawanya kwa waliopata ya kwanza, zidisha kwa 100. Tuseme wa kwanza walikuwa 54 na wa tatu 40. Walioishia njiani ni 14, hiyo ni karibu asilimia 26. Ikizidi 10 kuna tatizo.

Sasa fikiria maana yake. Hawa kinamama 54 wote walikuja, kwahiyo hawakatai chanjo na njia ya zahanati wanaijua. Kitu kiliwakuta baada ya ile siku ya kwanza: walikaa foleni kutwa, walikuta chanjo imeisha wakaambiwa warudi, walikaripiwa kwasababu kadi imechafuka, au hawakuambiwa tarehe ya kurudi. Ukiona penta ya kwanza yenyewe iko chini hiyo ni shida nyingine, huenda ni umbali au hawana taarifa, na dawa yake inaweza kuwa huduma ya mkoba, yaani wahudumu kuwafuata kwenye kitongoji chao. Shida mbili tofauti, kiasi kwamba ukiitibu moja kwa dawa ya nyingine unapoteza mwaka mzima.

Hesabu hiyohiyo ifanye kwa surua rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18, na kwa kliniki ya wajawazito kati ya hudhurio la kwanza na la nne.

Hatua ya 7: Chora ramani

Chukua manila shiti mchore kijiji chenu wenyewe, mto, barabara, shule, zahanati, visima, vitongoji vyote. Haihitaji kuwa nzuri. Rejista ya wajawazito ina sehemu ya kuandika kitongoji, na ina umri wa mimba kwa wiki siku mama alipokuja mara ya kwanza. Mwombe nesi awahesabie kwa kitongoji, wangapi walianza kabla ya wiki 12 na wangapi walichelewa, halafu wekeni alama: kijani waliowahi, nyekundu waliochelewa, hakuna jina, ni nukta tu.

Daktari John Snow alifanya karibu hivihivi London mwaka 1854 wakati kipindupindu kinaua watu mtaa wa Broad, alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba akaona vimezunguka pampu moja ya maji, mpini wa pampu ukaondolewa, na baadae akavichora kwenye ramani. Kipindi hicho hata vijidudu vya kipindupindu havijakubalika kwa madaktari wengi. Lakini alama kwenye karatasi zilionyesha wapi pa kuangalia.

Ramani yetu sisi ilitushangaza. Tulitegemea nukta nyekundu zijae ng'ambo ya mto, na kweli zilikuwepo, lakini kulikuwa na kitongoji kimoja kipo nyuma tu ya zahanati, unatembea dakika kumi, nacho chekundu kitupu.

Hatua ya 8: Nenda ukaulize kwanini

Namba inakwambia wapi, haikwambii kwanini. Hapo inabidi uvae viatu.

Tulienda kwenye kile kitongoji, kinamama wawili wa kamati na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mimi nilibaki nje kwa makusudi maana kuna mambo mama hasemi mbele ya wanaume. Walikaa na kinamama sita chini ya mwembe wakawa wanachambua mchicha pamoja, hakuna daftari. Mmoja akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa. Mume wake yuko kwenye tanuri za mkaa, anarudi baada ya miezi. Zahanati wanasema hudhurio la kwanza uje na mwenza wako mpimwe wote, kama hayupo uje na barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti hapatikani, na akipatikana kumwomba barua ya kwamba huna mume karibu ni aibu, watu wanaokusikia wanasema yao. Kwahiyo anasubiri. Anasubiri mpaka tumbo linaonekana na mwezi wa sita umeingia. Wengine wakaitikia, hata mimi, hata mimi.

Kitongoji kile wanaume wengi wanaenda kwenye mkaa. Ndo maana chekundu. Umbali haukuhusika kabisa na kama tungebaki mezani tungeomba gari la wagonjwa.

Mwenza kuhimizwa kuja ni jambo jema, lengo ni baba naye apimwe na ashiriki. Kosa lilikuwa kuligeuza mlango uliofungwa. Tulipomweleza mfawidhi hakubisha, akatoa tangazo mama yeyote apokelewe siku anayokuja, mwenza ataalikwa baadae. Haikugharimu hata shilingi.

Mkienda kuuliza zingatieni haya: muulize watu wasiofanana, waliokuja na ambao hawakuja, mabinti na wazee, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na wenye ulemavu mkawafuate nyumbani. Usianze na "kwanini hamji kliniki", hiyo ni lawama. Sema "nisimulie mimba yako ya mwisho ilikuwaje, ulianza lini kwenda", halafu nyamaza usikilize. Wahudumu nao waulizwe, nesi mmoja anayehudumia leba, chanjo na wagonjwa wa nje kwa siku moja ana majibu yake na yanastahili kusikilizwa kwa heshima ileile.

Hatua ya 9: Rudisha namba kwa wenyewe, kisha zipeleke kwenye bajeti

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Omba dakika ishirini. Pelekeni ramani na namba tatu tu, ukipeleka kumi hakuna atakayekumbuka hata moja. Sema kwa lugha ya watu, badala ya "asilimia 26 ya walengwa" sema "katika kila watoto wanne wanaoanza chanjo mmoja haimalizi". Halafu waulize wao mnaonaje, na muwe tayari kusahihishwa, kuna mzee atawaambia kitu ambacho hakipo kwenye kitabu chochote.

Kwenye kupanga kipaumbele tusizunguke: shida inagusa watu wangapi, inaua au inasumbua tu, tunaweza kufanya nini wenyewe, nini lazima kiende juu. Yale ya kufanya wenyewe yaanze kesho. Yale ya hela yaingie kwenye mpango wa zahanati, na hapa watu wengi hawajui kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 kuna fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati yenu ndo inakaa kupitisha mpango wa matumizi. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini mipango inaandaliwa miezi mingi kabla, ukija na ramani yako mwezi wa sita umechelewa, lenga kuwa na namba zako mezani mwezi wa kumi. Diwani naye apewe nakala, ukurasa mmoja, asiwe na kisingizio akiwa kwenye baraza.

Hatua ya 10: Panga tarehe ya kuhesabu tena

Kabla hamjatoka kwenye kikao andikeni tarehe. Sisi tuliweka miezi sita. Chukueni swali lilelile, rejista ileile, vitongoji vilevile, mhesabu kwa njia ileile, maana mkibadilisha namna ya kuhesabu hamtajua kama kilichobadilika ni hali au ni hesabu. Ile manila ya zamani msiitupe, ibandikeni ya mpya pembeni yake.

Ya kwetu ilipofika siku ilibandikwa chumba cha kliniki, na yule mama wa mchicha alikuwa amekaa benchi kusubiri kadi yake, akainuka akaenda kuitazama karibu. Akaweka kidole kwenye kitongoji chao. Nukta za kijani zilikuwa zimeanza kuonekana katikati ya zile nyekundu, sio nyingi, na akazihesabu kwa sauti moja moja.